Njaa Mbili Chini ya Mkuyu

Mtu atokaye Morogoro mjini na kuifuata barabara iendayo Matombo na Kisaki, hupita Kiroka, hupanda na kushuka vilima vyenye migomba na minanasi, kisha huingia Mkuyuni. Jina hilo halihitaji mkalimani. Lakini mgeni akiuliza ni mkuyu upi uliopapa mahali hapo jina, kila nyumba itamwonyesha mti wake, na kila nyumba itaapa. Sisi tuliozaliwa huko tunao wetu pia. Umesimama kijitoni, chini ya mashamba ya ukoo wa mama yetu, na mizizi yake imekumbatia jiwe ambalo watoto hulitumia kufulia. Huo ndio tutakaouzungumzia hapa, kwa sababu chini yake ndiko tulikofundishwa elimu ya mawindo, na huko huko ndiko elimu hiyo ilikoingia majaribuni.

Kwanza tuseme neno juu ya wanyama wenyewe, maana vitabu vimetuchanganya. Tulipokuwa shuleni tulisoma hadithi za Ulaya zilizotafsiriwa, na ndani yake alikuwamo mnyama aitwaye kulungu, amechorwa ana pembe zenye matawi kama mti mkavu. Tulimtafuta kulungu huyo milimani kwetu tusimwone. Baadaye tulikuja kujua kwamba mnyama wa picha ile ni wa nchi za baridi, kwamba pembe zake hudondoka kila mwaka na kuota upya, na kwamba Afrika nzima hana makao ya asili ila huko kaskazini, katika milima ya Tunisia na Algeria. Wanyama wetu hawabadilishi pembe. Pembe aliyoota nayo pongo ndiyo atakayokufa nayo, na ikivunjika imevunjika.

Wetu ni hawa. Juu kabisa, katika msitu wenye ukungu, yuko minde, mnyama mweusi mweusi mwenye shungi la nywele utosini, ambaye hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Tanzania. Wapo wazee wengi wa kwetu waliowinda maisha yao yote wasimwone zaidi ya mara mbili. Chini yake, katika misitu na vichaka vya makorongoni, yuko funo mwekundu, na paa mdogo ambaye mtu humsikia kabla ya kumwona. Kando ya mashamba na mito yuko pongo, ambaye wengine humwita mbawala, na katika nyika yuko nsya. Ukishuka zaidi, kuelekea tambarare za Mvuha na Kisaki, unaingia nchi ya swala pala, kongoni na nyumbu, ambayo ni nchi ya wawindaji wengine wenye elimu nyingine. Nguruwe mwitu hatumtaji katika daraja lolote, kwa kuwa yuko kila mahali.

Elimu yetu tuliipata kwa mjomba. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama na ardhi ni ya ukoo, kwa hiyo kaka yake mama ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake, na ndiye anayewajibika wapate la kula na la kujua. Mjomba wetu huyu hakuwa mwindaji wa kusifiwa ngomani. Alikuwa mkulima wa mpunga na ndizi, aliyekuwa na nyavu mbili za kamba ya katani, mbwa watatu wenye njuga shingoni, na mkuki ambao mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara nyingi. Tofauti yake na wengine ilikuwa kwamba hakuondoka nyumbani kwenda kuwinda mpaka amekwisha kukaa kizingitini kwa muda mrefu akiitazama hali ya hewa. Sisi tulidhani ni uvivu.

Somo la kwanza lilikuwa la upepo. Watu wa tambarare husema upepo ni kusi au kaskazi na hapo wamemaliza. Mlimani haitoshi. Alfajiri, hewa iliyopoa usiku kucha huteremka bondeni kama maji, polepole, hata moshi wa jikoni huonekana ukitambaa kuelekea mtoni. Jua likishapanda na kuyapasha moto mawe ya mteremko, hewa hiyo hugeuka ikaanza kupanda. Basi mwenye kumfuata mnyama alfajiri humfuata kutoka chini, na mwenye kumfuata jua likiwa limepanda humfuata kutoka juu, ili harufu ya mnyama imjie yeye, na yake isimfikie mnyama. Mjomba alichukua jivu kidogo mkobani, akalipuliza hewani, akalitazama linakokwenda. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kitambo kama cha nusu saa ambapo upepo hauna shauri, mara huku mara kule, na wakati huo alituamuru tuketi kimya. Wengi wa waliokosa mnyama, alituambia, walimkosa katika nusu saa hiyo.

Somo la pili lilikuwa la mvua, na hapa hatuna budi kueleza jinsi milima yetu ilivyo. Upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi huigonga Uluguru kwanza upande wa mashariki, ndio upande wetu, hukwea, hupoa, na kuuacha mzigo wake. Katika misitu ya juu ya upande huo mvua ya mwaka huweza kupita milimita 2,500, na hata katika kiangazi manyunyu hayakosi. Upande wa magharibi, unaotazama Mlali na Mgeta, hupata masalio. Ndiyo sababu vijito vya kwetu huendelea kutiririka wakati tambarare zimekauka, na ndiyo sababu mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, huanzia milimani humo.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani ni marefu na maji yako kila kishimo. Mnyama hana haja ya kwenda popote, kwa kuwa kila alipo pana chakula, kinywaji na mahali pa kujificha. Ametawanyika kama chumvi iliyomwagika. Mwindaji atembeaye masika hutembea bure, tena huloa. Lakini kuna jambo moja: mvua kubwa ikinyesha usiku na kuacha asubuhi, funo na paa hutoka vichakani wakasimama mahali penye uwazi. Wengine husema wanaota jua. Mjomba alikuwa na sababu nyingine, nasi tunaiona ni ya akili zaidi. Kichaka kilicholoa, alisema, kinadondoka matone kila upande, na mnyama aliyemo hawezi kutofautisha tone na unyayo wa chui; kwa hiyo huogopa masikio yake mwenyewe na kutoka. Hali kadhalika siku ya upepo mkali hutulia pale alipo wala haendi malishoni, kwa kuwa kila jani linapiga kelele. Usiku wa mbalamwezi nao humtia woga. Mnyama wa Kiluguru, kama alivyopenda kusema, hula kwa idhini ya masikio.

Kiangazi mambo hugeuka. Kuanzia Juni majani hunyauka, visima vya nyikani hukauka kimoja baada ya kingine, na wale waliotawanyika hukusanyika. Jambo hili si la Mkuyuni peke yake. Huko Mikumi, katika mbuga iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, makundi ya nyumbu na pundamilia huyaacha matope ya bonde la Mkata wakati wa masika, na hurudi humo kiangazi kufuata majani mabichi. Katika nchi iliyoitwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, wanyama hujaa kandokando ya Rufiji na maziwa yake kama Tagalala na Manze wakati wa ukame, na mvua zikinyesha mtu anaweza kuzunguka siku nzima asione kitu. Wageni hudhani wanyama wamekwisha. Hawakwisha, wamepata maji nyumbani kwao.

Lakini maji ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni chakula, nacho kwa wanyama wa msituni hakipimwi kwa majani bali kwa matunda. Funo si mla nyasi kama ng'ombe. Chakula chake kikubwa ni matunda yaliyoanguka, maua, na majani machanga, na kwa kuwa hawezi kupanda mti, maisha yake yamo mikononi mwa wale waliopanda. Kima na mbega wakila juu, humwaga nusu ya wanachochuma. Hondohondo na ninga hufanya hivyo hivyo, na usiku popo. Tulifundishwa kusikiliza kelele za hondohondo kabla ya kutafuta nyayo zozote ardhini, kwa sababu palipo na karamu juu, pana waombaji chini. Mwindaji mzuri alijua kalenda ya miti kama mwalimu anavyojua ya shule: embe zinaanguka lini, mfuru lini, mng'ongo lini. Aliijua pia kalenda ya moto, maana nyika ikichomwa mwezi wa Septemba au Oktoba, baada ya siku chache chipukizi hutoka, na nsya na pongo huzifuata. (Wazee hawa hawakuwa watu wa kupokea elimu bila kuipima. Ndio wale walioyakataa matuta ya ngazi ya serikali ya Kiingereza, hata ghasia zikatokea Matombo mwaka 1955.)

Katika kalenda hiyo mkuyu una ukurasa wa peke yake. Miti mingine huzaa kwa msimu, yote pamoja, kisha hulala. Mkuyu huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na kila mti una siku zake. Huu unaiva Januari na jirani yake hana hata tunda moja. Wataalamu wameeleza sababu: maua ya mkuyu yamefichwa ndani ya tunda, na huchavushwa na nyigu wadogo sana ambao huzaliana humo humo na kuishi siku chache tu. Kama mikuyu yote ingezaa pamoja na kupumzika pamoja, nyigu hao wangekufa wote, na mikuyu ingefuata. Wazee wetu hawakuwajua nyigu kwa kazi hiyo, ila walijua matokeo. Mkuyu umesimama majini, mizizi yake haihitaji mvua ya mwaka huu, nao huzaa hata ukame ukiwaje. Wakati miti mingine yote imekataa, mkuyu hulisha.

Kwa hiyo palikuwa na mwiko. Chini ya mkuyu wa kijitoni nyavu hazikutandwa, mbwa hawakufunguliwa, na mtego haukutegwa. Unaweza kumfuata mnyama akiuendea au akitoka, mbali, lakini pale chini, katika duara la kivuli chake, mnyama alikuwa mgeni wa mti. Hatukumbuki kuambiwa adhabu ya mwenye kuuvunja. Tunachokumbuka ni kwamba tulipita pale na mbwa wamefungwa kamba.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mwindaji hupata zaidi wakati wa njaa, kwa kuwa njaa humsukuma. Sivyo, na kwetu ni kinyume. Njaa ya watu huko Mkuyuni huja kati ya Januari na Machi, mazao ya zamani yamekwisha na mapya yako shambani. Miezi hiyo ndiyo ambayo, vuli ikiwa imenyesha vizuri, pori limejaa na mnyama hana shida; ametawanyika, haonekani. Njaa ya wanyama huja Septemba na Oktoba, nyika ikiwa imekauka, nao wamekusanyika mitoni. Lakini wakati huo watu wamekwisha kuvuna, ghala zina mahindi na mpunga, na mtu huwinda kwa ajili ya kitoweo na furaha ya kutoka na wenzake. Hivyo katika mwaka wa kawaida njaa hizi mbili hupishana njiani kama watu wasiofahamiana. Sisi hatukuwahi kuambiwa hili kwa maneno. Tulilielewa mwaka zilipokutana.

Ilikuwa katika ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, ambao wengi nchini wanaukumbuka kwa sababu ndio uliotuletea unga wa mahindi ya njano kutoka nje, tukauita unga wa yanga kwa kuufananisha na jezi za timu, na ndio uliofuatwa na wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Vuli ya kwetu ilikuja kwa kudondoka, ikaacha. Mahindi yalifika magotini yakageuka karatasi. Januari ya 1974 mihogo ilikuwa imechimbwa mpaka ile myembamba kama vidole, na iliyobaki nguruwe mwitu waliifukua usiku, kwa kuwa nao pori lilikuwa halina kitu. Watu walilala mashambani wakipiga madebe. Dua ilisomwa msikitini, na baadhi ya wazee walipanda Kinole, makao ya Kingalu, ambaye cheo chake tangu zamani kimehusishwa na mvua.

Na mkuyu ulizaa. Ulizaa mpaka matawi yakainama, makuyu mekundu yamejipanga shinani na matawini kama shanga. Kelele za ndege zilisikika hadi nyumbani. Sisi watoto tulikwenda kuokota, maana makuyu huliwa, ingawa lazima uyapasue kwanza na kuwapuliza wadudu, tukaona nyayo. Hatukuwa tumepata kuona nyayo nyingi namna ile mahali pamoja. Funo, paa, pongo, nungunungu, na kwato zilizokuwa kubwa kidogo ambazo mjomba alizitazama kwa muda mrefu, akasema ni za nsya aliyetoka nyikani, mnyama asiye na desturi ya kuja kwetu. Wote walikuwa wameukwea mkondo wa maji kufuata ubichi. Mjomba akatuamuru tuondoke, tusiokote tena ila asubuhi, ili mchana tuwaachie wao.

Binamu yetu mmoja, aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano, hakutii. Alichukua waya wa breki za baiskeli akafanya tanzi, akalitega chini ya mti, ndani ya duara. Kamba ya mjomba huoza, au mnyama mwenye nguvu huikata akaenda zake, waya haukatiki. Asubuhi tulimkuta funo, yu hai bado, mguu wa mbele umevunjika na ngozi imevuliwa mpaka mfupani. Mmoja wetu alikwenda mbio kumwita mjomba.

Alikuja na kisu. Alisimama kitambo. Kumfungua hakungemfaa mnyama yule kitu, na kumwacha afe kungemfanya nyamafu, asimfae na mtu. Basi alimwelekeza kibla akamchinja. Tulipompasua tukakuta mtoto tumboni, amekwisha kuota manyoya, kwato zake laini kama kucha za mtoto mchanga. Mjomba hakumpiga binamu yetu. Aliigawa nyama kwa nyumba nne zilizokuwa na watoto wadogo, akanawa mikono, akarudi nyumbani, na chakula cha jioni hakukigusa.

Tulitazamia kwamba mambo yangekwisha hapo. Lakini jioni ile mama yetu, aliyekuwa mdogo wake, alikwenda kizingitini kwake, nasi tukiwa nyuma ya nyumba tunasikia. Mama hakuwa mtu wa kumpandishia sauti kaka yake, wala siku ile hakuipandisha. Alimwambia, "Kaka, mwiko wako tumeuheshimu miaka yote tuliyokuwa na chakula. Jana watoto wamelala kwa uji wa pumba. Huyu mdogo ameanza kuvimba miguu. Wanyama wako pale chini, naona nyayo zao nikienda kuteka maji. Niwaambie nini hawa, wangoje funo azae?"

Mjomba alijibu kwamba waliopo pale si wa bonde moja tu. Ni wa milima na nyika zote za jirani, wameletwa na shida, na mwenye kuwaua pale hauwi wa leo, anaua mbegu. "Mtakula siku tano," alisema. "Kisha mtakaa miaka kumi bila kusikia hata mlio."

"Na hiyo miaka kumi," mama akasema, "huyu mdogo ataifikaje?"

Hatukusikia jibu. Tunafikiri hapakuwa na jibu. Tumeisikia hoja ya mjomba mara nyingi tangu siku hizo, katika semina na mikutano, ikitolewa na watu waliovaa viatu vizuri, na kila mara tumekubaliana nayo, kwa kuwa ni ya kweli. Na kila mara tumesikia pia sauti ya mama yetu nyuma yake, nayo hatujapata kuisikia ikijibiwa. Wote wawili walikuwa wakizungumzia watoto.

Kesho yake, kabla ya adhana, mjomba alizitoa nyavu. Aliwaita majirani wenye nyavu zao, Waislamu na Wakristo, akazitanda yeye mwenyewe kulizunguka duara la mkuyu, upande wa chini, kwa kuwa hewa ilikuwa bado inateremka. Hakuruhusu mbwa. Aliweka sharti kwamba watasaka siku tatu tu, na kwamba majike yanayoonekana yana mimba yatafunguliwa. Sharti la kwanza lilitimizwa. La pili ni gumu kulitimiza katika vumbi na kelele, mnyama akijirusha wavuni na watu wenye njaa wameshika marungu. Siku tatu zile walipatikana funo saba, paa wanne, pongo mmoja dume, yule nsya wa nyikani, na nguruwe wawili ambao Wakristo waliwachukua kwao. Nyama ilikaushwa juu ya moto, ikagawiwa kwa vipande vidogo hadi unga wa serikali ulipowasili. Mdogo wetu miguu yake ilinywea. Yu hai, ana mjukuu.

Masika yalirudi mwaka ule kwa kuchelewa. Kiangazi kilichofuata tulikwenda kijitoni na mbwa, kwa njia za halali, mbali na mti, hatukupata kitu. Mwaka wa pili vilevile. Hondohondo walikuja, kima walikuja, makuyu yalianguka na kuchacha chini bila wa kuyala ila nguruwe. Mjomba hakumlaumu mtu. Alisema funo wamepanda juu kwa wenzao, nasi kwa vile tulikuwa watoto tulimwamini, mpaka siku moja tulipomwona akiziuza nyavu zake kwa mvuvi wa Mvuha. Mwaka huo huo wa 1974 ilipitishwa sheria ya kuhifadhi wanyamapori, ambayo mwaka 2009 ilipisha sheria mpya. Na mwaka 2008 misitu ya juu ya Uluguru, iliyokuwa imehifadhiwa tangu enzi za Wajerumani, iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia. Vijana wa sasa wa kwetu hawawindi, na wanaowinda hawasemi. Wale wasemao hawajui upepo. Wanategea waya popote, mvua au jua, na kurudi baada ya siku mbili kukuta mzoga.

Mwaka 2022 vuli ilichelewa tena. Ruvu ulipungua hata wakazi wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu, na magazeti yakajaa picha za mchanga mahali palipokuwa na mto. Mwezi wa Novemba tulikwenda nyumbani kumzika jamaa. Baada ya matanga tuliteremka kijitoni pamoja na mpwa wetu, kijana mwenye shamba la minanasi pale juu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamika kwamba nyani wamemmaliza. Mkuyu ulikuwepo. Tawi moja kubwa lilikuwa limeanguka, na kwenye matawi yaliyosalia makuyu yalikuwa yameiva. Chini palikuwa pamefukuliwa na nguruwe. Lakini kando, kwenye udongo laini karibu na lile jiwe la kufulia, kulikuwa na kwato mbili ndogo zenye ncha, zimeingia matopeni hivi karibuni. Maji yalikuwa bado hayajajaa ndani yake.

Mpwa wetu alidhani ni mbuzi. Tulimwambia si mbuzi, tukamwonyesha jinsi zilivyokaribiana, na jinsi zilivyopita ukingoni mwa kivuli bila kukanyaga majani makavu. Akauliza amekwenda wapi. Tukamwambia hakwenda mbali, kwa kuwa chakula chake ni hiki, na huyu hutembea mchana. Kijana akatoa simu mfukoni ili apige picha, akataka kukaa pale pale penye jiwe.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Tulichukua jivu kidogo katika mafiga ya wafuaji tukalipuliza, likaenda juu. Basi tukamshika mkono, tukazunguka kwa mbali, tukaketi upande wa juu wa mti.